Sheikh Al-Amin Mazrui: Mtangazaji wa Mombasa kabla ya redio

Kila ifikapo tarehe 1 Aprili simu zetu hujaa uongo wa mzaha. Huyu atatuma kwamba feri ya Likoni imesimamishwa mpaka Ijumaa, yule atatuma kwamba fulani ameoa mke wa pili kwa siri, na mwisho wake huwa ni kicheko. Ni wachache kati yetu wanaokumbuka kuwa tarehe hiyo hiyo, mwaka 1947, mji wetu wa Mvita ulifiwa na mtu ambaye kwake neno halikuwa kitu cha kuchezea. Siku hiyo alifariki Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, mwalimu, mwandishi na mwenye magazeti. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Wengi wetu tunamjua Sheikh Al-Amin kwa mambo mawili. Kwanza ni uanachuoni wake, maana jina lake halikosi kutajwa wanapotajwa masheikh wa pwani. Pili ni kwamba alimzaa Profesa Ali Mazrui, aliyesikika dunia nzima. Leo, ndugu msomaji, naomba tumtazame kwa upande wa tatu, ambao hauzungumzwi sana. Huyu ni mtu aliyelichukua neno la mawaidha, akalitoa ndani ya msikiti, akalituma kwa Kiswahili kwa watu asiowaona na wasioweza kumuona. Kazi hiyo leo tunaiita utangazaji. Redio hakuwa nayo. Alikuwa na karatasi na kalamu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa hapa Mombasa mwezi wa Januari 1891. Ukitaka kujua mji ulikuwa katika hali gani, kumbuka kwamba kampuni ya Waingereza ilikuwa imeingia miaka michache tu nyuma, na kwamba reli ilikuwa bado kuanza kujengwa. Ilianza mwaka 1896, yeye akiwa mtoto wa miaka mitano. Lakini kuna chombo kimoja kilichomtangulia kidogo kufika. Mwaka 1890 ulilazwa waya chini ya bahari kutoka Unguja mpaka Mombasa, na kwa waya huo habari zikaanza kupita kwa dakika chache baada ya kuwa zikingoja chombo na upepo. Neno letu la simu lina asili ya Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Babu zetu waliliita jambo kwa kile walichokiona. Leo simu haina waya hata mmoja, lakini jina limebaki.

Waya ule, hata hivyo, ulikuwa wa serikali na wa makampuni ya biashara. Mtu wa Kibokoni au wa Kuze hakuwa na la kufanya nao. Yeye habari zake alizipata kwa njia ileile ya wazee wake: kwa nahodha aliyeteremka Bandari ya Kale, kwa barua iliyobebwa mkononi, kwa darsa za msikitini na kwa mazungumzo ya barazani baada ya magharibi, kahawa tungu ikizunguka.

Alizaliwa katika nyumba yenye historia nzito. Wamazrui waliitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, Sayyid Said alipouweka mji chini ya mamlaka yake. Baada ya utawala kuondoka, wengi katika ukoo huo waligeukia elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla bin Nafi, alikuwa mwanachuoni mkubwa ambaye aliwahi kutiwa gerezani na Sayyid Barghash wa Unguja kwa sababu ya mafundisho yake. Kwa hivyo Sheikh Al-Amin alikulia katika nyumba iliyokwisha kujua kwamba neno linaweza kumgharimu mtu uhuru wake.

Baba huyo hakuishi kumlea. Alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa mdogo mno. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye pia mtu wa elimu na wa ukadhi. Baadaye kijana alivuka kwenda Unguja, ambako wakati huo ndiko kulikokuwa chemchemi ya elimu kwa pwani yote hii. Huko alisoma kwa mabwana wawili waliokuwa vinara wa zama zao, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Kama wangelimuacha mwanafunzi huyu na vitabu peke yake, huenda angelikuwa sheikh mkubwa wa darsa kama walivyokuwa wao, na habari yake ingeliishia hapo.

Lakini kulikuwa na jambo jingine likipita baharini. Meli za posta zilizotoka Suez na Aden zilikuwa zikileta magazeti ya Kiarabu. Katika hayo lilikuwamo Al-Manar, lililotolewa Cairo na Sheikh Rashid Ridha tangu mwaka 1898, likieneza fikra zake na za mwalimu wake Sheikh Muhammad Abduh. Sheikh Al-Amin alikuwa msomaji wake, na fikra zile zilimuingia: kwamba Waislamu wamerudi nyuma kwa kuacha elimu, kwamba dini haipingani na sayansi, na kwamba taifa lisilojikosoa haliwezi kuinuka.

Nadhani pamoja na fikra hizo alijifunza jambo jingine, nalo ni nguvu ya chombo chenyewe. Mtu aliye Cairo aliweza kumfundisha mtu aliye Mombasa bila hata mmoja wao kupanda meli. Darsa ya msikitini hufika pale sauti inapofika. Karatasi huenda mbali zaidi, na hungoja mpaka msomaji awe tayari.

Sasa tuje mwaka 1930. Tuutazame vizuri mwaka huo, kwa sababu bila kuujua hatutaona uzito wa alilolifanya.

Redio ilikuwa imekwisha kuingia Kenya. Matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, lakini yalikuwa ya Kiingereza na yaliwalenga walowezi. Magazeti pia yalikuwako. Mwaka 1902 gazeti la African Standard lilianzishwa papa hapa kisiwani na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, kabla ya kuuzwa, kubadilishwa jina na kuhamia Nairobi. Nalo pia lilikuwa la Kiingereza. Unguja, Waarabu wa huko walikuwa wameanzisha gazeti lao la Al-Falaq mwaka 1929. Lakini mtu wa kawaida wa Mji wa Kale, aliyesoma chuoni akaijua Kurani na herufi zake, hakuwa na gazeti la kumsemesha kwa lugha yake juu ya mambo ya mji wake.

Na lugha yenyewe ilikuwa ikibadilishiwa mikono. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, wakuu wa elimu wa nchi za Afrika Mashariki waliamua kwamba Kiswahili cha mashuleni na vitabuni kitakuwa cha Kiunguja, na kitaandikwa kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kulisimamia jambo hilo. Kimvita, lugha ya Muyaka na ya watenzi wengi waliopita, kilifungiwa mlango ndani ya mji wake chenyewe. Herufi za Kiarabu, ambazo kwazo watu wetu waliandika barua, mashairi, hesabu za biashara na hati za mirathi kwa karne nyingi, zilianza kuonekana kama za watu wasiosoma.

Katika mwaka huohuo Sheikh Al-Amin alitoa karatasi yake aliyoiita Sahifa, yaani ukurasa. Haikuwa kubwa. Ilikuwa karatasi ndogo ya kila wiki, ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wataalamu wanaihesabu kuwa ndiyo gazeti la kwanza la Kiislamu kwa lugha ya Kiswahili. Aliyeiandika alikuwa mtu anayeweza kuandika Kiarabu cha kumridhisha mwanachuoni yeyote wa Cairo au Hadhramaut. Alikuja kuandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake wa Mazrui. Lakini alipotaka kusema na watu wa mji, aliandika maneno wanayosemeshana majumbani mwao, kwa herufi walizofundishwa utotoni. Kwa namna hiyo fundi wa jahazi na mwenye duka la nguo waliweza kumsoma sawasawa na mwanafunzi wa darsa. Na pwani yetu hakuna karatasi inayosomwa na mtu mmoja. Barazani mmoja akisoma, wengine husikiza, na asiyejua kusoma huondoka na habari kamili.

Alisema nini humo? Wengi hudhani kwamba gazeti la sheikh ni masuala ya udhu na swala. Sahifa ilikuwa zaidi ya hayo. Aliwaambia watu wake ukweli usiopendeza. Aliwalaumu kwa uvivu na kwa kujivunia majina ya mababu huku mali waliyoachiwa ikiwatoka mikononi. Aliwalaumu kwa israfu za harusi na matanga. Aliwalaumu kwa kuiga mavazi na starehe za Wazungu, huku kile chenye manufaa kwa Wazungu, yaani elimu, kazi na umoja, wakikiacha. Aliwataka wasomeshe watoto wao elimu ya dini na ya dunia pamoja, na wasiwasahau watoto wa kike. Jambo hilo la mwisho wakati ule halikuwa jepesi kulisema katika mitaa yetu.

Angalia alimsema nani. Mji ulikuwa chini ya Waingereza, na kulikuwa na mengi ya kuwalaumu. Lakini kalamu yake kali zaidi aliielekeza kwa watu wake mwenyewe, kwa majirani zake na jamaa zake, watu aliokutana nao kila siku katika vichochoro visivyopitisha gari. Karatasi ilipotoka asubuhi, jioni mwandishi alikuwa yuko njiani anakwenda msikitini, na kila aliyeguswa alijua wapi pa kumpata. Kila neno lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na nyumba inayojulikana.

Tarehe 29 Februari 1932 alianzisha gazeti la pili, kubwa zaidi, aliloliita Al-Islah, maana yake utengenezaji. Hili lilitoka kila wiki kwa Kiswahili na Kiarabu. Mwaka huohuo alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika mpaka kufa kwake. Al-Islah halikudumu miaka mingi. Kazi ya ukadhi ni nzito, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha hukumu hana wakati wala nafasi ileile ya mtu wa gazeti.

Si kila mtu alikubaliana naye. Alizipinga ada kadhaa ambazo aliziona hazina asili katika dini, na wako masheikh wa pwani waliomjibu na kumpinga kwa hoja zao. Mijadala hiyo bado ina wenyewe mpaka leo, na si kazi ya makala haya kuamua nani alikuwa na haki. Ninalotaka tulione ni namna walivyokhitilafiana. Waliojibizana walijulikana kwa majina, na hoja ya kila mmoja ilikuwa na mahali pa kuirejelea. Mtu alipobishana na Sheikh Al-Amin, alibishana na maneno ambayo mwenyewe hakuyakana.

Vitabu alivyoviacha navyo vinaonyesha kwamba fikra yake ilikuwa ileile. Aliwaandikia watoto wa chuoni vitabu vyepesi vya dini, akaanza pia kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Na alifanya jambo moja ambalo mimi naliona kubwa kuliko mengi. Karatasi za gazeti hazina maisha. Leo zasomwa, kesho zafungiwa kashata. Makala ya Sahifa yalikusanywa, yakatolewa kitabu mwaka 1944 kwa jina la Uwongozi. Kwa sababu ya kitabu hicho, mtu aliyezaliwa miaka mingi baada ya mwandishi kufa anaweza kukaa leo na kusoma Mombasa ya 1930 ilikuwa ikiumwa wapi. Mwaka 2017, zaidi ya miaka 80 baada ya karatasi ya kwanza, sehemu za kitabu hicho zilitolewa Uholanzi kwa Kiingereza na Kiswahili, kazi ya wataalamu Kai Kresse na Hassan Mwakimako.

Sheikh alifariki kabla ya redio kufika mikononi mwetu sawasawa. Lakini ilikuwa njiani. Katika miaka ya 1950 Mombasa ikapata kituo chake, Sauti ya Mvita, na watu wa kisiwani wakasikia lahaja yao, mashairi yao na nyimbo zao zikitoka kwenye sanduku. Wakati huohuo mawimbi ya mbali yalikuwa yakiingia: Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na BBC mwaka 1957. Redio ilikuwa moja kwa nyumba kadhaa, na baraza lililokuwa likimzunguka msomaji sasa lilizunguka sanduku hilo.

Wanafunzi na waliomfuata walichukua kila chombo kilichokuja. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, mwanafunzi wake, aliyekuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru, alianzisha mwaka 1972 gazeti la Sauti ya Haki, na kwa hakika lilikuwa mjukuu wa Sahifa. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, naye aliyekalia kiti cha Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, na hadi leo iko katika nyumba nyingi za pwani. Na yule mtoto wa Sheikh, aliyekuwa na miaka 14 baba yake alipofariki, alikua akatoa mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 1979, na mwaka 1986 akaitembeza dunia ndani ya Afrika kwa filamu zake tisa za televisheni. Baba alizungumza na mitaa, mwana akazungumza na mabara. Profesa Ali alirudishwa nyumbani mwaka 2014, akazikwa kwenye makaburi ya Mazrui karibu na Fort Jesus, hatua chache kutoka vichochoro ambamo Sahifa ilipita mkono kwa mkono.

Baada ya redio zikaja kanda. Walio na umri wangu wanakumbuka mawaidha ya masheikh yakiuzwa kwa kanda nje ya misikiti siku ya Ijumaa, na kanda moja ikinakiliwa mpaka sauti ikawa kama ya mtu aliye kisimani. Serikali ilipofungua mlango wa mawimbi, zikaja redio zetu wenyewe, Rahma, Salaam na nyinginezo, na mama aliyekuwa jikoni akaweza kuuliza suala lake la ndoa au mirathi kwa simu na kujibiwa hewani. Kisha mwaka 2009 mikonga mipya ya intaneti ikaletwa Mombasa kutoka baharini. Waya wa kwanza uliingia 1890 ukatupita, hii ya sasa imeingia mpaka vyumbani mwetu. Leo mtoto wa Bondeni ana mfukoni chombo chenye uwezo wa kuandika, kupiga picha, kurekodi sauti na kutangaza kwa dunia nzima, kwa bando la shilingi chache. Sheikh Al-Amin hakuota hata robo yake.

Kwa hivyo tunapaswa kujiuliza: sisi tulio na vyombo vyote hivi, tumetangaza nini?

Sitaki kuwa kama wazee wanaoona kila kipya ni balaa. Nimeona kundi la WhatsApp la mtaa mmoja likichanga pesa za matibabu ya mtoto kati ya alasiri na isha, jambo ambalo zamani lingechukua wiki mbili za kuzunguka na daftari. Nimeona watu wa pwani walioko Muscat, Dubai na London wakihudhuria khitma ya mzee wao kwa simu iliyoegemezwa kwenye msahafu. Hiyo ni neema, na asiyeshukuru kwa hiyo ana moyo mgumu.

Lakini pia nimeona ujumbe wa kifo ukizunguka mji mzima, watu wakisema innalillahi na wengine wakianza safari kutoka Malindi, kumbe mzee mwenyewe amekaa kibarazani kwake anakunywa chai. Aliyeuanzisha hakujulikana. Kila aliyeulizwa alisema ameupokea kama ulivyo, naye akausambaza kama ulivyo. Watu elfu walilibeba neno hilo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenyewe. Safari ile iliisha kwa kicheko na nauli iliyopotea. Mara nyingine haiishi hivyo. Tumeona uvumi wa sauti, bila jina wala uso, ukimharibia msichana heshima yake kabla baba yake hajajua kuna nini. Tumeona maneno ya kuchochea dini kwa dini na kabila kwa kabila yakipitishwa na watu wazima, wenye ndevu na tasbihi, kwa kidole kimoja. Nchi ilitunga sheria ya makosa ya mitandao mwaka 2018, iliyoweka adhabu ya kifungo kwa wanaoeneza habari za uongo. Sheria hiyo ina mabishano yake, na mimi sioni kwamba gereza ndilo litakalotufundisha adabu ya neno.

Adabu hiyo tulikuwa nayo, na Sheikh Al-Amin ni shahidi wake. Tumuangalie alivyofanya, tuone kama kuna kinachotushinda.

Aliweka jina lake. Hili halihitaji teknolojia yoyote. Mtu anayepokea ujumbe wa sauti usio na jina la msemaji ana haki ya kuuliza nani huyu, na akikosa jibu ana haki ya kuufuta. Wanachuoni wetu walijengwa juu ya isnadi. Hadithi isiyo na wapokezi wanaojulikana haikubaliki hata ikiwa nzuri namna gani. Ni ajabu kwamba watu wenye urithi wa isnadi ndio leo tunaoamini neno lililosambazwa mara nyingi bila kujulikana limetoka wapi.

Aliandika kwa mpango. Karatasi ndogo ya kila wiki ilimlazimisha kuchagua jambo la kusema na kulifikiri kabla ya wino kukauka. Sisi hatuna ukurasa wa kutubana, kwa hivyo tunasema kila linalotujia. Mtu akijiwekea mpaka wake mwenyewe, angalau asitume jambo zito usiku uleule amelikasirikia, atakuwa amepata kitu katika darsa ya Sahifa.

Na maneno yake yaliwekwa. Hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Tunarekodi kwa simu darsa za masheikh, mahojiano ya wazee, mashairi ya bibi zetu, habari za majina ya mitaa na asili yake. Tunarekodi mengi kuliko kizazi chochote kilichotutangulia. Kisha simu inaanguka baharini pale feri, au inaibwa, au inajaa nasi tunafuta ili kupata nafasi ya picha za harusi. Karatasi ya 1930 tunaisoma leo kwa sababu mtu aliikusanya. Sauti ya mzee aliyefariki mwaka jana huenda hatuna. Naogopa kwamba wajukuu wetu watajua zaidi Mombasa ya Sheikh Al-Amin kuliko watakavyoijua Mombasa yetu, sisi tuliokuwa na kamera mfukoni mchana na usiku.

Jambo hili lina dawa, na haihitaji kamati. Kila msikiti una kijana mmoja anayejua kompyuta. Na ayakusanye mawaidha ya imamu wake, ayaandike tarehe, jina na mada, ayaweke mahali pawili tofauti. Kila familia imchague mmoja wa kukaa na wazee, ayarekodi mazungumzo yao na kuyanakili kwenye karatasi. Yaliyo na faida kwa umma yapelekwe kwa watu wa makumbusho pale Fort Jesus au kwa taasisi za utafiti wa Kiswahili tulizo nazo mjini, wayahifadhi. Na tuandike kwa Kiswahili chetu, pamoja na Kimvita chetu, bila kuona haya. Sheikh hakungoja kamati ya lugha imruhusu.

Watu wengi huuliza kwa nini Mombasa haina tena magazeti yake, na jibu la haraka huwa ni pesa. Sikatai kwamba pesa ni tatizo. Lakini Sahifa haikuwa mradi wa pesa, na karatasi ndogo ilitosha kubadilisha fikra za watu waliokuja kuwa makadhi, walimu na maprofesa. Tulichopungukiwa nacho si mtambo. Ni mtu aliye tayari kusema jambo la haki mbele ya majirani zake, kwa jina lake, kisha atoke nje kwenda swala ya isha akijua watamngoja njiani.

Tarehe 1 Aprili itarudi, na utani utarudi pamoja nayo. Ukipokea wa kwanza siku hiyo, usiusambaze. Msomee Sheikh Al-Amin Fatiha, kisha umtumie mwanao, kwa jina lako, neno moja la kweli ulilolisikia kwa mzee wako. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, na azijaalie kalamu na simu zetu ziwe za kheri.